Rimu za Subaru kwenye RAV4 yangu: adapta naweza kufunga mwenyewe nyumbani?

*"Shikamoo fundi. Niko Moshi, Pasua. Nina RAV4 ya 2004 ya foo-wili, tairi zake ni 215/70R16. Binamu yangu aliuza Subaru Forester yake ya zamani akabaki na rimu nne za spoti za inchi 16 zenye tairi za 215/60, amenipa bure. Nilipojaribu hazikuingia: matundu ni matano kama ya kwangu lakini hayalingani. Nimeona adapta za milimita 25 zinauzwa mtandaoni, na kuna fundi wa mashine ya kukerezea anasema atanitengenezea kwa bei ya chini zaidi. Mwingine ameniambia ni kupanua tu matundu ya rimu, kazi ya nusu saa. Mwaka jana nilipandisha gari sentimita 5, na naambiwa adapta zitalifanya litulie kwa sababu tairi zinatoka nje. Jeki ninayo, wili spana ninayo. Kila Ijumaa naenda Arusha kikazi, Jumapili napanda Kibosho kwa wazee. Nifunge mwenyewe, au ni hatari kama wanavyosema?"*

Marahaba, mdogo wangu. Ahsante kwa kuandika namba za tairi. Wengi huniandikia "tairi za kawaida" halafu wanataka nibahatishe.

Kwa upande wa mikono sina shaka nawe. Mtu anayebadilisha tairi bila kumwita jirani anaweza pia kufunga adapta. Shaka yangu iko kwenye hizo rimu zenyewe na tairi zilizovishwa juu yake. Lakini kabla sijafika huko nimalizane na huyo wa kupanua matundu, maana katika yote uliyoambiwa, ushauri wake ndio unaoweza kukuua.

Matundu ya rimu yamepangwa kwenye duara. Kwa Forester ya zamani duara hilo lina kipenyo cha milimita 100, kwa RAV4 yako ni 114.3. Maana yake kila tundu la Subaru liko milimita 7 na kidogo ndani zaidi ya pale stadi yako ilipo, yaani ile bolti ya gari inayochomoza na kufungiwa nati. Kulipanua ni kulichonga liwe refu kama tundu la kifungo cha shati. Ukishafanya hivyo umekula ile sehemu iliyochongwa kama faneli ambamo nati inakaa, na nati inabaki imeshika ukingo wa upande mmoja. Tena hata akichonga matundu yote matano vizuri, rimu bado haitaingia, kwa sababu tundu la katikati la rimu ya Subaru ni milimita 56.1 na shingo ya habu yako, kile kipande cha chuma kinachozunguka ambacho rimu inafungwa juu yake, ni 60.1. Itabidi achonge na hapo. Fundi aliyekuambia nusu saa hajapima kitu.

Sasa kaa nami kidogo kwenye jambo moja, kwa sababu ukilielewa hili mengine yote utajijibu mwenyewe. Watu wengi wanadhani gurudumu limening'inia kwenye stadi kama koti kwenye msumari. Sivyo. Stadi ya gari lako ina unene wa milimita 12. Unapokaza nati, unaivuta stadi hiyo inyooke kidogo sana kama springi ngumu, nayo inaibana rimu dhidi ya uso wa habu. Toyota wanataka nati za gari kama lako zikazwe kwa nyutoni-mita 103, na kwa uzi mkavu kaza hiyo inaleta mbano wa karibu tani 4 kwa kila nati. Zidisha mara tano. Kinachobeba gari na kinachopokea breki ni msuguano kati ya nyuso mbili zilizobanwa hivyo. Mbano ukiwepo, stadi haipati kazi ya kukatwa hata siku moja. Mbano ukipotea, rimu inaanza kucheza kwa kiasi ambacho jicho halioni, stadi inapinda huku na huku kila tairi linapozunguka, na chuma kinachopindwa mara nyingi hivyo kinachoka kikakatika. Ndiyo maana stadi hukatika baada ya wiki kadhaa, mtu ameshasahau kabisa siku aliyofunga.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu kila kitu unachotaka kuweka kati ya habu na rimu ni hili: je, mbano utabaki?

Adapta ni kipande cha chuma kinachofungwa kwenye stadi za gari kwa nati zake za ndani, halafu kina stadi zake chenyewe ambazo rimu inafungwa juu yake. Hapo ulipokuwa na mbano mmoja sasa una miwili, na ule wa kwanza umefichwa. Nati za ndani zikilegea huzioni wala huwezi kuzigusa mpaka uvue gurudumu. Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu adapta kuliko mengine yote wanayosema vijiweni.

Usichanganye adapta na zile spesa za sahani, bati nene lenye matundu linalopachikwa tu kwenye stadi halafu rimu inafuata. Zile hazibadilishi mpangilio wa matundu kwa hiyo hazikuhusu, ila najua utashawishiwa siku moja. Tatizo lake ni kwamba zinakula urefu wa stadi. Nati ya milimita 12 inataka ishike uzi kwa urefu usiopungua milimita 12, na kwa uzi wa Toyota wa hatua ya 1.5 (umbali wa milimita kati ya jino moja la uzi na linalofuata) hiyo ni mizunguko 8 kamili. Hesabu kwa mkono: ukizungusha nati kwa vidole ikagoma baada ya mizunguko mitano, ivue hiyo spesa uirudishe ilikotoka.

Tuje kwa fundi wa kukereza. Simdharau, nimeshatengenezewa vitu vizuri sana na mafundi wa mashine wa Unga Limited na wa Moshi pia. Shida ni vitu viwili. Kwanza ni madini. Adapta nzuri huchongwa kutoka kwenye aluminiamu iliyofuliwa, mara nyingi ile ya daraja la 6061-T6, siyo iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye mchanga. Aluminiamu ya kumimina, hasa ya vyuma chakavu, ina vitundu vya hewa ndani ambavyo hakuna anayeviona, na nyufa huanzia humo. Pili ni stadi. Atazitoa wapi? Nimewahi kuona adapta iliyotengenezewa mtaani, imechongwa inang'aa kama sahani ya harusi, lakini stadi zake zilikuwa bolti za dukani zilizochomelewa kwa nyuma. Kuchomelea kunaondoa ugumu wa bolti palepale kwenye shingo, ndipo panapokatikia. Stadi ya gurudumu inapaswa kuwa ya daraja la 10.9 na ishindiliwe kwa meno yake, isichomelewe.

Nakumbuka gari moja la watalii lililoletwa gereji niliyokuwa nikifanya kazi hapa Arusha. Dereva alilalamika usukani unatetemeka tangu Makuyuni. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limebaki na nati mbili kati ya tano, na matundu ya spesa yalikuwa yamegeuka mayai. Alikuwa na wageni saba ndani. (Kwa wasiojua kwa nini magari ya safari hufungwa spesa nyuma: Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotoka na injini ya V8 kuanzia 2007 zina upana wa nyuma mdogo kuliko wa mbele kwa karibu milimita 95, na kwenye mchanga tairi za nyuma hazifuati njia ya mbele. Sababu yao ni ya kweli. Ufungaji ndio uliokuwa mbovu.)

Zimebaki adapta za mtandaoni. Zipo nzuri na zipo za ajabu, na picha hazikusaidii kuzitofautisha. Kwa gari lako na rimu hizo, adapta lazima iwe na tundu la ndani la milimita 60.1 ili iikalie shingo ya habu yako bila kucheza, na kwa nje iwe na shingo ya 56.1 ili rimu ya Subaru iikalie hiyo. Muuzaji akikuambia "inaingia magari yote", maana yake tundu lake ni kubwa, halishiki habu yoyote, na gurudumu litakaa katikati kwa bahati tu. Kwenye lami ya kwenda Arusha utalisikia mikononi ukifika kilomita 80 kwa saa.

Halafu kuna mtego wa uzi, ambao ndio unaowapata hata mafundi. Toyota wanatumia uzi wa milimita 12 wenye hatua ya 1.5. Subaru ni milimita 12 vilevile, ila hatua ni 1.25. Nati zinafanana kama mapacha. Adapta yako itakuwa na nati za ndani za uzi wa Toyota, na stadi za nje zinaweza kuwa za 1.5 au za 1.25 kutegemea aliyezitengeneza. Ukizichanganya kwenye beseni moja, nati ya Subaru itaingia kwenye stadi ya Toyota mizunguko miwili kwa vidole kisha ikagoma, na ukiilazimisha kwa wili spana itaendelea huku inanyoa uzi. Utahisi imekaza. Haijakaza chochote. Kila nati lazima iingie kwa vidole mpaka iguse rimu, na spana ije baadaye.

Jambo la tatu ni urefu wa stadi za habu. Adapta ikiwa nyembamba kuliko stadi ilivyochomoza, ncha za stadi zitatokeza nje ya uso wake na kugusa mgongo wa rimu. Utakaza, nati zitabana vizuri, kumbe rimu imesimama juu ya ncha za stadi na haijagusa adapta. Mbano huo ni wa uongo. Pima stadi zako kutoka uso wa habu hadi nchani kabla hujalipa pesa; zikizidi milimita 25, adapta hizo hazikufai, isipokuwa kama rimu ina mashimo ya kutosha kwa nyuma ya kuzipokea. Kuna watakaokuambia ukate stadi. Ukikata, siku ukitaka kurudisha rimu zako za awali huna tena uzi wa kushika.

Sasa hili la gari kutulia. Umepandisha gari sentimita 5, na naelewa unavyolihisi kwenye kona za Kibosho. Tufanye hesabu ndogo. Uwezo wa gari kutopinduka unakadiriwa kwa kugawa upana kati ya tairi za kushoto na kulia kwa urefu wa kitovu cha uzito mara mbili. Tuseme upana ni milimita 1,500 na kitovu kilikuwa milimita 650 kutoka chini: unapata 1.15. Umepandisha, kitovu kikawa kama 700: inashuka mpaka 1.07. Sasa weka adapta. Usidhani milimita 25 zote zinatoka nje, kwa sababu rimu nyingi za Forester za umri huo zimeandikwa ET48 kwa ndani, yaani uso wake wa kufungia umesogea milimita 48 kuelekea nje kutoka katikati ya rimu, hivyo rimu yenyewe inaingia ndani ya gari zaidi. Kama zako za sasa ni ET35, adapta ya 25 inakupa milimita 12 au 13 tu kila upande. Upana unakuwa kama 1,525 na ile hesabu inapanda kidogo, 1.09. Umerudishiwa robo ya ulichopoteza, na hiyo ni kwa kukadiria vizuri.

Na tairi? Tairi lako la 215/70R16 lina kipenyo cha karibu milimita 707. La binamu, 215/60R16, ni karibu 664. Gari litashuka milimita 21 na ushee. Yaani ulilipa kupandisha sentimita 5, na sasa unataka kulipia adapta ili ushushe sentimita 2. Kwa kutulia kwenye kona, tairi hizo fupi zitakusaidia zaidi kuliko adapta zenyewe, ila nafasi ya chini uliyoitafuta kwa ajili ya tope la masika itakuwa imeliwa. Spidomita nayo itadanganya: ikisoma 100, wewe uko kwenye 94. Angalau hapo trafiki wa tochi hatakuwa na neno nawe.

Kuna jambo dogo ambalo sijaona mtu akiliuliza mpaka yamkute. Tairi lako la spea ni la Toyota, la duara la 114.3. Ukipata pancha usiku pale Kikatiti, spea haitaingia kwenye adapta ya Subaru. Utabidi uvue gurudumu, kisha uvue adapta kwa soketi nyembamba inayoingia kwenye mashimo yake, kisha ufunge spea, ambayo sasa ina kipenyo kikubwa kuliko tairi nyingine tatu. RAV4 ya foo-wili haipendi tairi zenye vipenyo tofauti, zinaichosha difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma. Kufika Usa River utafika. Usiende nayo wiki nzima.

Kuhusu beringi, wanaosema adapta "zinaua beringi" wana nusu ya ukweli. Beringi haijui kama kuna adapta. Inachojua ni umbali wa katikati ya tairi kutoka kwake. Rimu ya kawaida yenye ET23 ingeipa mzigo uleule wa rimu ya ET48 juu ya adapta ya 25. Kadiri tairi linavyotoka nje ndivyo beringi, boljointi na springi zinavyosukumwa kwa wenzo mrefu zaidi. Kwa milimita 12 beringi nzima haitakufa kesho. Beringi iliyochoka tayari itakuonyesha haraka. Usukani pia utabadilika kidogo: ukilipisha basi ukaweka tairi za kushoto kwenye vumbi na za kulia zikabaki lami, halafu ukashika breki, usukani utavutwa kuliko ulivyozoea. Shika kwa mikono miwili.

Sasa nikwambie ningefanya nini ningekuwa wewe. Ningeuza hizo rimu za Subaru pamoja na tairi zake. Forester na Impreza za matundu ya 100 zimejaa Moshi na Arusha, hazitakaa wiki bila mnunuzi. Kwa pesa hiyo, pamoja na ile ya adapta ambayo hujaitoa bado, ningetafuta rimu za spoti za mitumba zenye duara la 114.3. Duara hilo lipo kwenye magari mengi: Nissan X-Trail, Honda CR-V, na Toyota nyingine kadhaa. Za Toyota zina tundu la katikati la 60.1 sawa na lako. Za Honda ni 64.1 na za Nissan ni 66.1, kwa hiyo utahitaji pete za kujazia, ambazo ni bei ndogo. Angalia pia nati: rimu za asili za Honda zinakaliwa na nati yenye kitako cha mviringo kama mpira, za spoti za dukani nyingi zinataka kitako cha faneli, na baadhi ya rimu za asili za Toyota zinataka nati ya shingo ndefu yenye washa bapa. Nati isiyolingana na kiti chake ni hatari kama adapta mbovu, na huko mitaani kosa hili ni la kila siku.

Usimwamini muuzaji kwa neno. Nenda na rula. Kwa matundu matano, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani yake. Ukipata karibu milimita 59, hilo ni duara la 100. Ukipata 67, ni 114.3. Ukipata karibu 66, simama, pima tena kwa kifaa kizuri, maana duara la 112 la Mercedes na Volkswagen linatoa 65.8 na macho ya kawaida hayatofautishi. Rimu ya 112 inaweza kuingia kwenye stadi zako kwa kulazimisha, na hapo ndipo balaa lilipo, kwa sababu unafunga huku stadi zimepinda tangu siku ya kwanza.

Najua pia kwamba binamu amekupa bure, na kitu cha bure kinamng'ang'ania mtu. Kwa hiyo ukiamua adapta, basi zinunue nzuri, zenye vipimo nilivyotaja, na ufunge hivi.

Tafuta mahali tambarare, siyo kwenye mteremko wa uani. Handibreki juu, gia ndani, jiwe mbele na nyuma ya tairi la upande wa pili. Legeza nati kabla hujanyanyua gari. Chini ya jeki weka ubao mpana kama ardhi ni udongo, na gari likishanyanyuka weka stendi chini ya sehemu imara ya bodi iliyotengenezwa kwa kunyanyulia gari. Usitumie tofali. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa.

Ukivua gurudumu, hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo watu wanaharakisha. Uso wa habu ya gari la 2004 lililokula masika zote hizi una kutu iliyoganda kama ukoko wa ugali. Adapta ikikaa juu ya kutu, utakaza mpaka nyutoni-mita 103 sawasawa, kisha kutu itasagika barabarani, nafasi itatokea, mbano utapungua. Isugue kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, hasa kuzunguka shingo na kuzunguka kila stadi. Futa vumbi. Usiweke grisi kwenye uso wala mafuta kwenye uzi. Uzi uliopakwa mafuta unateleza, na kwa kaza ileile ya spana unavuta stadi zaidi ya kipimo. Pachika adapta kwa mkono. Inapaswa kuingia mpaka mwisho na kukaa bapa bila kuzungukazunguka. Ikicheza, au ikiacha uwazi hata wa unene wa karatasi, ishia hapo.

Nati za ndani ziingie kwa vidole zote tano, kisha kaza kwa kuruka, kama unavyochora nyota, raundi ya kwanza nusu ya nguvu, ya pili nguvu kamili. Kwa kipimo fuata karatasi ya aliyetengeneza adapta. Hapa unahitaji toki renchi, ile spana yenye kipimo. Wili spana yako ina mkono wa sentimita 30 hivi, na kufikia 103 kwa mkono huo ni sawa na kuning'iniza kilo 35 nchani. Watu wengi wanakanyaga kwa mguu wanapitiliza mara mbili. Mashine ya upepo ya fundi pancha nayo haina adabu, inaweza kupitiliza vilevile. Huna toki renchi? Azima, au fika gereji yenye nayo wakufanyie hatua hii tu.

Funga rimu juu ya adapta kwa utaratibu uleule. Zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha, usikilize kama linagusa kalipa ya breki. Ukishusha, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, angalia tairi lisiguse madigadi, na liwe limefunikwa. Tairi lililotokeza nje linatupa kokoto kwenye milango yako na kioo cha anayekufuata, na trafiki anakuwa na sababu ya kukusimamisha. Wajulishe pia bima yako. Mabadiliko usiyoyasema ndiyo wanayoyashika siku ya kudai.

Sasa usisafiri Ijumaa ileile. Zunguka Moshi siku moja, kilomita 50 mpaka 80, kisha vua magurudumu yote manne na upime tena nati za ndani. Ndiyo, yote manne, ndiyo, uyavue. Kukaza za nje tu ni kujidanganya kwa sababu zilizofichwa ndizo zinazolegea bila mtu kujua. Halafu nenda Arusha, na ukirudi pima tena. Ikibaki imekaza mara mbili mfululizo, pima kila unapobadilisha oili.

Kuna mambo ambayo hayataki nyumbani. Kama ukizungusha gurudumu kwa mkono unasikia mkwaruzo, au ukiwa barabarani kuna mvumo unaobadilika ukikata kona, hiyo ni beringi, ipeleke kwanza kabla ya adapta yoyote. Kama nati yoyote inazunguka bila kukaza, stadi imeliwa na lazima ibadilishwe kwa kushindiliwa, kazi ya gereji. Kama habu imelika kwa kutu mpaka ina mabonde, fundi aikague. Na ukishaanza kutembea, mtetemo mpya, mlio wa tiki-tiki kwenye mwendo mdogo, au vumbi la kijivu linalotoka kuzunguka nati ni dalili kwamba nyuso zinasuguana. Ukiona hivyo kati ya Bomang'ombe na KIA, usijipe moyo kwamba utafika. Weka gari pembeni, washa hazadi, kaza nati za nje, na umpigie fundi aje na soketi ya kuvulia adapta.

Jioni ya leo fanya jambo moja tu: vua gurudumu lako moja la sasa, soma namba ya ET iliyo ndani ya rimu, pima urefu wa stadi, kisha nitumie namba hizo mbili. Nitakuambia kama hizo adapta za milimita 25 zinaweza hata kukaa.